Chura wa Mama Kulwa

Doto alinipigia simu nikiwa nasahihisha madaftari. Akanisalimia, akauliza habari za Malampaka, akauliza kama treni bado zinatunyima usingizi, akauliza na mvua. Nilimjibu moja moja bila haraka, kwa sababu mtu anayezunguka hivyo ana jambo, na ni vizuri kumwachia afike mwenyewe. "Dada Shija, mama amefariki," akasema mwishowe. "Tunazika kesho kutwa. Njoo, hata kama hutalala." Nikamwambia nitakuja. Nilipoweka simu mezani sikulia, nilikasirika. Ilikuwa hasira ya mtu aliyepanga foleni mchana kutwa akaona dirisha linafungwa usoni pake. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikisubiri Doto aniambie, hata kwa kupitia tu katikati ya mazungumzo mengine, kwamba mama yake hatimaye amemtazama na kumwona. Sasa hakuna tena wa kumwona.

Niliishi kwao mwaka mmoja tu, mwaka wangu wa kwanza Bariadi, nikifundisha kwa kujitolea katika shule ya msingi ambayo haikunilipa na ambayo bado ilinitaka nifike mapema kuliko wanaolipwa. Watu huniuliza ni chuo gani kilichonifundisha kuwa mkali kwa wakubwa na laini kwa mtoto anayekaa peke yake mwisho wa darasa, nami hukisingizia chuo changu kwa sababu ndiyo njia fupi. Si chuo. Ni ile nyumba nyuma ya soko, ya mlango wa bati uliopakwa rangi ya bluu, nilikopangishwa chumba cha uani. Baba wa nyumba alikuwa fundi wa madirisha ya aluminiamu. Mji ulikuwa unajengwa kwa fujo siku zile, kila mtu anataka kioo, na vipande vilivyobaki kazini alivirudisha nyumbani. Kwa vipande hivyo aliwatengenezea wanawe tangi, kuta nne na sakafu, zimeunganishwa kwa silikoni nyeupe iliyovimba pembeni kama uji uliofurika. Lilikaa sebuleni juu ya meza fupi, mahali ambapo nyumba nyingine zingeweka televisheni. Nusu lilikuwa tope na nusu maji, na kulikuwa na kigae cha chungu kilichovunjika kwa ajili ya kujifichia. Juu lilifunikwa kipande cha chandarua.

Wanawe walikuwa pacha wa kike, Kulwa na Doto. Kwetu Wasukuma anayetangulia kuzaliwa ni Kulwa, anayefuata ni Doto, na mtoto atakayezaliwa baada yao, awe wa kike au wa kiume, ni Shija. Mimi ni Shija. Kwa hiyo kila nilipojitambulisha kwa mtu wa kwetu swali la pili lilikuwa Kulwa na Doto wako wapi, na nilishazoea kujibu kwamba hawakukaa duniani. Siku niliyofika na begi langu mama wa nyumba alikuwa anapepeta karanga mlangoni. Nikamwamkia, nikataja jina, nikajiandaa kujibu lile swali. Yeye akaangua kicheko. "Basi umefika kwenu, mwalimu," akasema, akawaita watoto waje. "Hawa hapa waliokutangulia. Wasalimie." Sijawahi kukaribishwa vizuri hivyo tena mahali popote. Jioni ile tulikula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga, sote kwenye sinia moja, na Kulwa akanieleza habari za tangi kuanzia mwanzo hadi mwisho mdomo ukiwa umejaa. Waliokota viluwiluwi kwenye dimbwi la kisimani, wakavitia kwenye kopo, vingi vikafa, viwili vikaota miguu. Mwenye mstari mweupe mgongoni ni Kulwa, asiye na mstari ni Doto. "Doto haongei," akasema. Sikujua kama anamsema chura au pacha wake, maana wote wawili walikuwa kimya.

Kulwa alikuwa na selimundu. Doto hakuwa nayo. Mtoto mmoja akikesha analia miguu na mwenzake analala, nyumba yote hujifunza kuelekea upande mmoja, wala silaumu. Mama alimlisha Kulwa kwa mkono wake, alimbeba akiwa mkubwa wa kutosha kuwabeba wengine, alimkanda kwa maji ya moto hadi vidole vyake mwenyewe vikababuka. Doto alileta maji, alileta kitambaa, kisha alikaa mlangoni akisubiri kutumwa tena. Kulwa alifariki msimu wa kuvuna pamba, malori yakipita barabarani yamejaa hadi yanadondosha, na watoto wa mtaani wakikimbilia yale mapande meupe kama kawaida. Tulimzika. Waombolezaji walikula, walilala, waliondoka, na ndipo tatizo la jina lilipoanza.

Mwanamke kwetu huitwa kwa mwanawe, na yule alikuwa Mama Kulwa tangu siku aliyojifungua. Majirani walikaa wakashauriana, kwa wema kabisa, kwamba kumwita marehemu kila asubuhi mlangoni pa mama yake ni kumtonesha kidonda. Wakaanza kumwita Mama Doto. Nilikuwapo mara ya kwanza, tuko bombani na ndoo zetu. "Mwadila, Mama Doto," akamsalimia jirani yetu Mama Neema. Hakuitika. Akaendelea kutazama maji yakijaa. Mama Neema akarudia kwa sauti zaidi, akidhani hakusikia, na wanawake wote wakageuka. Hakuitika. Mwishowe Mama Neema, uso umemshuka, akasema taratibu, "Mama Kulwa." "Abee," akajibu, akatabasamu, akauliza habari za nyumbani. Doto alikuwa amesimama katikati yetu ameshika mfuniko wa ndoo. Baba yake ukimwita Baba Kulwa aliitika, ukimwita Baba Doto aliitika. "Wote wangu," alikuwa akisema. Mama mtu hakuitika jina lile siku ile, wala wiki iliyofuata, na watu wakaacha kulijaribu.

Siku nyingine mimi na Doto tulikuwa sebuleni tunachambua mchele, na mama yake alikuwa jikoni na Mama Neema, ukuta wa tofali moja katikati yetu. Hakuongea kwa siri, wala hakuongea kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeeleza bei ya mkaa. "Mungu alinipa wawili, akamchukua aliyekuwa wangu. Huyu aliyebaki ni wa baba yake." Mama Neema akasema, "Usiseme hivyo, mayu," naye akajibu, "Si nasema kweli?" Doto aliokota punje ya mchele akaitupa upande wa mawe, kisha akaiona, akairudisha kwenye mchele. Hakuinua uso. Nilitaka kuingia jikoni nikapindue sufuria. Nilikuwa mpangaji, nilikuwa mdogo, nikaendelea kuchambua, na mchele ule tuliula usiku na dagaa wa Kalemela kana kwamba hakuna lililosemwa.

Lakini tangini Kulwa alikuwa bado yuko hai. Nilikuwa sijaliwaza hilo, na nadhani mama naye hakuliwaza, hadi siku Doto alipokuwa analisha vyura wake, ameshika panzi kwa mguu, akasema kwa sauti yake ya kawaida, "Kulwa, njoo ule." Mama alitoka jikoni mbio, mikono imejaa unga, akasimama katikati ya sebule akitazama huku na huku. Doto aliganda. Nilidhani atachapwa. Mama akaja akachuchumaa mbele ya kioo, akamtazama chura mwenye mstari akimeza panzi, akakaa hivyo kwa kitambo. Kisha akasema, "Mwite tena." Doto akaita tena. Kuanzia hapo, kila alasiri baada ya shule, mama aliacha alichokuwa akifanya akaja kukaa mbele ya tangi, na mtoto akamwita Kulwa kwa niaba yake. Ndiyo mazungumzo pekee waliyokuwa nayo. Doto alianza kurudi nyumbani akikimbia. Alichana nywele zake mwenyewe. Alikusanya panzi wengi kuliko uwezo wa vyura wawili, ili muda wa kulisha urefuke, na nilielewa kwamba hakuwa analisha vyura. Alikuwa ananunua bega la mama yake kwa panzi.

Kiangazi kilipokaza yule chura mwenye mstari akafa. Tulimkuta asubuhi amegeuka tumbo juu kwenye maji machache. Mama alikuja alasiri kama kawaida yake, akakaa, akasubiri. Doto alijaribu. "Doto yupo, mama," akasema, akaonyesha kwa kidole chura aliyebaki, aliyekuwa amejibana kwenye kigae. "Tazama. Doto mzima." Mama alitazama upande aliokuwa akionyeshwa, akainuka, akajifunga vizuri kanga yake, akarudi jikoni. Hakukaa tena pale. Panzi waliobaki kwenye kopo walikufa mmoja mmoja, na Doto hakuwamwaga.

Mvua za kwanza zilipiga siku ya Jumamosi. Mama alitoka bila kuaga, akaelekea kwenye majaruba ya mpunga ng'ambo ya mto, na alirudi alasiri tope limemfika mapajani, amebeba ndoo iliyofunikwa kwa kanga yake ya msiba. Alikuwa anacheka. Tulikuwa hatujasikia kicheko kile tangu mavuno. "Doto!" akaita, na mtoto akaruka kutoka alipokuwa, kwa sababu ni jina lake na ni mama yake aliyelitamka. Ndani ya ndoo alikaa chura mpana, wa kijani kibichi, kichwa kikubwa kama ngumi ya mwanamume, mmoja wa wale wanaolala ardhini kiangazi chote na kutoka siku mvua inapoloweka mbuga. Yule wetu wa tangini angeenea kwenye kiganja cha Doto na nafasi ikabaki.

Baba alikuwa ameshatoka kazini, yuko kwenye kigoda anavua viatu. Akachungulia ndoo, akaguna. "Mke wangu, huyu mtenge kwanza," akasema. "Hata kuku mgeni si tunamtenga, tusije tukaleta kideri bandani? Mweke kwenye beseni lake siku mbili tatu, tumwone." Lilikuwa shauri la busara, na kila neno lake lilikuwa sawa ila moja. Upande wa Itilima alikotoka mama yule, kutengwa si jambo la kuku. Mtu akitengwa na kijiji hasalimiwi, haazimwi moto, hachoti maji na wengine, na akifiwa anachimba kaburi na watoto wake. Baba yake mzazi alitengwa yeye akiwa msichana, na alikuwa amenisimulia jinsi walivyokuwa wakipita njiani na watu wakigeuza nyuso kutazama miti. Kicheko kikamkauka. "Kwangu hatengwi mtu," akasema. "Umesikia? Katika nyumba yangu hatengwi mtu." Nikaingilia, nikasema hakuna anayetengwa, apumzike tu pembeni, tumsogezee beseni karibu na kioo watazamane wazoeane, tena ni mkubwa mno kwa mwenzake. Niliongea vizuri sana. Ilikuwa kama kuzoa maji yaliyomwagika, maana neno lilishatoka na yeye alishakuwa tena yule msichana wa njiani. Alifunua chandarua, akamshika yule chura kwa mikono miwili, akamteremsha ndani.

Nilitaka kumwambia kwamba aliyetengwa katika nyumba ile alikuwa amesimama karibu na kiwiko chake, anatweta kwa furaha. Sikusema, kwa sababu furaha yenyewe ilikuwa kubwa na sikutaka kuikanyaga. Doto alikuwa anaamini kwamba chura ameletewa yeye. "Aliyekuja baada ya Kulwa na Doto," akasema, akinitazama mimi kwa utani, "ni Shija. Kama dada." "Ni Kulwa," mama akasema. Doto akamtazama yule chura mgeni, mpana, asiye na mstari. Kisha akasema, "Kulwa, njoo ule," na mama yake akaweka mkono wenye tope kichwani pake akauacha hapo. Tulikula chini mbele ya tangi jioni ile, sote wanne, ugali na maziwa mgando. Mama alimmegea Doto tonge kwa mkono wake. Mtoto alitafuna polepole, hakutaka kumeza. Baba alinikonyeza, nami nikajiambia kwamba pengine sisi wenye akili zetu ndio hatujui kitu, na kwamba nyumba hii itapona kwa njia yake yenyewe.

Asubuhi niliamshwa na ukimya. Jumapili Doto alikuwa na kawaida ya kuimba nyimbo za kwaya akifagia uani, na siku ile ufagio ulikuwa umelala. Nilimkuta sebuleni, amepiga magoti. Yule mgeni alikuwa amekaa katikati ya tangi, tumbo limejaa, macho yametulia, na pembeni ya mdomo wake ulining'inia mguu mdogo wa nyuma, vidole vimetanuka. Akameza mara moja tena mbele yetu na mguu ukatoweka. Doto hakupiga kelele. Aligeuka kuelekea jikoni akasema, kwa sauti ya mtu anayeripoti kwa mkubwa jambo ambalo ni lazima aambiwe, "Mama, Kulwa amemla Doto."

Mama alikuja akijifuta mikono. Baba naye alikuja. Tulisimama hapo wote, na nakumbuka nilivyokuwa namwombea yule mwanamke, namwomba moyoni kama mtu anavyoomba mvua, ainame, amshike mtoto, amwite kwa jina lake. Alikuwa na nafasi yote duniani. Mtoto alikuwa amegeuza uso juu, anangoja. Mama akainama mbele ya kioo, akatazama kwa makini, akagonga kidogo kwa kucha. "Na Kulwa mwenyewe?" akauliza. "Hajaumia?"

Baba alinyanyua tangi zima akitaka kwenda kulimwaga mtaroni, na maji yakamwagika miguuni kwetu. Mke wake akashika upande wa pili. "Ukimtoa huyu, unitoe na mimi," akasema, na hakuwa anatishia, alikuwa anamweleza. Baba akaliacha likarudi mezani. Chura akabaki. Na kwa sababu chura hula, na kwa sababu mama hakujua panzi wazuri wanapatikana wapi, aliyekwenda kumtafutia chakula kila siku baada ya shule alikuwa Doto. Alirudi na kopo, akafunua chandarua, akasema yale maneno matatu, na mama akaja kukaa. Hakuweka tena mkono kichwani pa mtoto. Nilivumilia hadi shule zilipofungwa. Nilisema nimepata nafasi kwingine, na ilikuwa kweli, ingawa ningeondoka hata bila nafasi. Doto alinisaidia kukunja nguo zangu. "Dada Shija," akaniuliza, "Kulwa na Doto wako si hawakukaa? Mama yako watu walikuwa wanamwitaje?" Nikamwambia walimwita Mama Shija. Akakunja sketi yangu, akaikunjua, akaikunja upya. "Na alikuwa anaitika?" Nikamwambia aliitika. Akatikisa kichwa kama mtu aliyekuwa akihakikisha hesabu. "Wabeja, dada," akasema, na sikujua ananishukuru kwa nini.

Nilifika msibani asubuhi ya maziko. Mlango wa bluu umepauka. Tangi bado liko sebuleni, kavu, limewekwa vikombe vya wageni, na silikoni yake imekuwa ya kahawia. Doto ni mwanamke mzima sasa, ana duka dogo la vitenge, hajaolewa, ana namna ya kusimama karibu na milango. Ndiye aliyemuuguza. Miaka miwili ya mwisho mama hakuweza kujigeuza kitandani, na Doto alimwosha, alimlisha, alimbadilisha, peke yake. Tulikuwa tunamenya viazi pamoja uani aliponieleza, bila mimi kuuliza. "Alikuwa anaita Kulwa," akasema. "Mchana, usiku. Kulwa, maji. Kulwa, nigeuze." Nikamuuliza alikuwa anafanyaje. Akanitazama kama nimeuliza swali la kitoto. "Nilikuwa naitika. Angeachwa na kiu?" Nilisimama nikaenda nyuma ya choo nikalia, na sikumlilia marehemu.

Niliporudi, fundi wa misalaba alikuwa amefika na kopo lake la rangi nyeusi. Jina la ubatizo alishaliandika, na tarehe, kwa herufi nzuri. Alitaka kujua chini yake aweke jina gani la kujulikana, maana mtaani hakuna aliyemfahamu kwa lile la ubatizo. Mzee wetu, baba yao, alikuwa kitini na fimbo yake, macho yamekwisha. "Andika Mama Kulwa na Doto," akasema. "Wako wawili." Fundi akachovya brashi. Doto alikuwa anapita na sinia la viazi kichwani. Akasimama.

"Hapana, baba," akasema. "Andika Mama Kulwa. Ndilo aliloitika."